Jibu la Mkumbi

Nilikuwa naanika usipa uani kwangu Mbamba Bay, mikono inanuka samaki, simu ikaanza kutetemeka juu ya kigoda. Nikaiacha. Ikatetemeka tena, nikajifuta kwa kanga nikasoma: Mwalimu Leokadia wa Mapera hatunaye, mazishi Jumamosi. Nilikaa chini palepale mchangani. Jumapili tu tulikuwa tumeongea, ananilalamikia jino, ananicheka kwamba nimezeeka mpaka sauti. Mtu anayelalamikia jino anakufaje? Nikasoma tena, nikitumaini ni Leokadia mwingine, maana Mapera akina Leokadia wamejaa. Ndiye. Halafu, badala ya kulia, nikashikwa na hasira kwa sababu ya neno moja: Mwalimu. Ni kweli alikuwa mwalimu, alifundisha biolojia mpaka nywele zikawa nyeupe. Lakini kule Mkumbi, milimani, watu walimwita Daktari, na hawakumwita kwa utani. Cheo hicho chuo kikuu hakikumpa kamwe. Nilikuwepo alipokikosa, tukilala chumba kimoja na kula sahani moja, na mwaka ule nikiukumbuka nashtuka upya hadi leo.

Nilikuwa binti mrefu kama mlingoti, nina cheti kipya cha uhazili na utawala, na nikapata kazi ambayo hata jina lake lilinitisha: mratibu wa utawala wa mradi wa utafiti. Chuo kikuu na kampuni ya kahawa walikuwa wameungana kufanya utafiti mkubwa, upande mmoja kahawa huku juu Mbinga, upande mwingine ukaushaji wa samaki kule chini ziwani. Maprofesa walikuwa mbali, mabosi wa kampuni mbali zaidi, na katikati yao nilikaa mimi, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mama Zuhura, mjini Mbinga. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watu wasiojuana wanafika mahali pamoja siku moja, kila mmoja ana anachohitaji, na gari lina mafuta. Chuo kilihesabu mwaka kwa mihula, kampuni kwa robo, wakulima kwa mvua. Kila asubuhi nilikuwa nasuluhisha ugomvi wa kalenda tatu. Meneja wa kampuni akija, alikaa chumba cha ndani, na ukuta kati yetu ulikuwa wa ubao mwembamba kiasi kwamba akikohoa mimi ndiye nasema pole. Mchana Mama Zuhura, ambaye watu wake walitoka Kilwa zamani hizo, alituletea wali wa nazi na mchicha, akisimama mlangoni kuhakikisha tumemaliza. Alikuwa akisema wasomi wa Mbinga wanakula kama ndege halafu wanashangaa kuugua.

Leokadia alikuwa mtafiti kijana wa upande wa kahawa, anasomea shahada yake ya udaktari. Tulipanga chumba kimoja karibu na kanisa, vitanda viwili, jiko la mkaa moja, na maharage yasiyoisha. Usiku alikuwa akizungumza na miche yake usingizini, nasema kweli. Aina mpya ya kahawa, isiyoshambuliwa ovyo na magonjwa, ilikuwa ipandwe Mkumbi kwenye mteremko mmoja, udongo mmoja, mistari iliyonyooka, ichunguzwe misimu mitatu. Shamba hilo ndilo lilikuwa udaktari wake. Kampuni ndiyo iliyokuwa ikimsomesha, na ilikuwa imesema wazi: shamba likifa, na masomo yamekufa. Alinieleza hayo akipepea mkaa, bila kulalamika, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Baba yake alikuwa ameshaanza kumwita Daktari kabla ya wakati, na yeye alikuwa akiziba masikio.

Siku ya kuzindua mradi Mkumbi niliipanga mimi toka viti mpaka maturubai, ila chakula kilipangwa na ofisi ya kampuni. Walituma maboksi meupe ya kufungia, kila mtu na lake: wali, kipande cha kuku, ndizi. Meneja alitaka mambo yaishe mapema awahi Songea. Hotuba zikatolewa, Mzee Kinunda, mkuu wa ukoo wenye mteremko ule, akasema amesikia, watu wakapiga makofi, maboksi yakagawiwa. Hakuna aliyefungua. Walishukuru, wakayashika kwa mikono miwili, wakaanza kupanda kilima mmoja nyuma ya mwingine, boksi jeupe baada ya boksi jeupe, hata wazee. Nilibaki mdomo wazi. Meneja akacheka, akasema wanawapelekea watoto. Leokadia, mtoto wa Mapera, aliyekulia humohumo milimani kabla ya shule za bweni kumchukua, akasema hapana, wanakwenda kula kwa Mzee Kinunda. Alisema hivyo huku anafunga mlango wa gari. Tukaondoka.

Mvua zikashika na miche ikapandwa. Kwa kuwa kamba ya kupimia ilikuwa imesahaulika Mbinga, na aliyeisahau alikuwa yeye si mimi, Leokadia alinisimamisha mteremkoni nikanyoosha mikono, akapima toka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Ilikuwa sawasawa na nafasi aliyoitaka. Akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Kutwa nzima nilitembea mteremkoni nimetandaza mikono kama msalaba, wanawake wa Mkumbi wakitutazama kutoka juu, na Hilda, mkwe wa Mzee Kinunda, mwanamke mwenye ulimi, akiuliza kama chuo kikuu kimeishiwa vijiti. Kila mche ulifungiwa kibao chenye namba. Jioni tulikula ugali na kisamvu jikoni kwa Hilda, moshi ukitutoa machozi, na sikumbuki siku nyingine niliyomwona Leokadia amefurahi namna ile.

Mwezi wa tatu tukapanda Mkumbi kuangalia miche. Tulipomaliza kona ya mwisho, dereva alifunga breki bila kuambiwa. Mteremko ulikuwa mweusi. Nyasi zilikuwa zimekatwa na wanaume na kutandazwa miraba miraba, na wanawake walikuwa ndani ya miraba wamepinda migongo, wanachimba na kufukia nyasi kwa udongo, yale mashimo ya ngolo ambayo Wamatengo hupandia maharage kingoni mwake. Hapakuwa na mche hata mmoja. Leokadia hakupiga kelele. Alishuka, akaacha mlango wazi, akatembea kuelekea nyumbani kwa Mzee Kinunda huku mkono umeshika shingo yake mwenyewe. Nikamfuata. Na kule chini ya paa la ghala, Mungu ni shahidi yangu, tukaikuta miche yote. Kila mmoja umetolewa na udongo wake, umefungwa kwa jani la mgomba, umenyweshwa maji. Vibao vilikuwa bado shingoni. Walikuwa wameipanga kwa mistari ileile aliyoipanda, namba kwa namba, kana kwamba mteremko umehamishiwa kivulini.

Tulimwamkia mzee. Akaitikia kwa furaha kabisa, akatuita wanangu, akasema mizigo yetu hii hapa, wameitunza vizuri, walikuwa wanashangaa mbona tumechelewa kuifuata.

"Baba," Leokadia alisema, "nani aliruhusu kuing'oa?"

"Si tulikubaliana? Miche ikae mpaka wakati wa maharage, kisha mje mchukue."

"Tulikubaliana lini?"

"Siku ya chakula chenu. Tulikaa hapa, tukala, tukazungumza, tukatoa jibu. Ninyi mlikuwa mmeshaondoka na magari."

Hapo Leokadia akafumba macho, na nikaona kwamba ameelewa kitu ambacho mimi, mtu wa ziwani, sikukielewa. Alinieleza baadaye. Wamatengo wana kikao chao cha ukoo, wanakiita sengu. Kila nyumba inaleta chakula, kinawekwa pamoja, na mambo ya ardhi yanaamuliwa hapo, watu wakila. Kinachosemwa kabla ya kula ni habari tu. Kule kusikia kwake Mzee Kinunda mbele ya maturubai hakukuwa kukubali, kulikuwa kusikia. Walibeba maboksi yetu mpaka kwake, wakayamwaga kwenye sinia, wakala, wakajibu. Aliyeuliza swali hakukaa kusubiri jibu. Leokadia alikijua kikao kile tangu utotoni, alikitaja kwa mdomo wake akifunga mlango wa gari, na haikumpitia akilini kwamba ndicho chenye uamuzi, maana chuo na kampuni walikuwa wameshasema mambo yamekamilika. Hilda, amesimama na jembe begani, akatuongezea ya kwake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hii miche yenu imekaa miezi haijashika jembe. Wenzake wakacheka. Sisi hatukuweza.

Mbinga, habari zilitutangulia. Meneja alikuwa chumba cha ndani, anaongea kwenye simu, na ukuta wa ubao ukatuletea kila neno. Leokadia alikuwa ameshika kipande cha chapati cha Mama Zuhura, hajakila. Tulimsikia meneja akisema kwamba huo ni uharibifu wa mali ya kampuni. Tukasikia akisema Jumatatu anapanda Mkumbi na polisi. Halafu akasema, taratibu, kama anaagiza chai, "Mkimweka ndani yule mzee, wengine watatia akili." Nilihisi baridi mpaka kwenye fizi. Mzee aliyekuwa amevisha kila mche jani la mgomba! Meneja alipotoka akatukuta, hakuona hata haya. Akamwambia Leokadia kwamba ana njia moja: miche irudi mteremkoni kabla ya Jumatatu. Ikirudi, yeye hajasikia kitu.

Njiani kwenda Mkumbi nilimshauri jambo ambalo kila mtu mwenye akili angeshauri. Nikamwambia, wataje polisi. Wakisikia mzee atalala mahabusu, mteremko utapatikana leo hii, udaktari wako utapona, na mzee atapona.

"Watakubali kwa hofu," akasema. "Hilo si jibu, Ade."

Nikamwuliza ana wazimu gani. Akaniomba niape kwamba sitawatajia polisi, leo wala siku nyingine. Nikaapa kwa hasira, nikijua atajutia.

Safari hii tulikaa. Tulikuwa tumebeba usipa wa nyumbani kwetu, ukakaangwa na nyanya, ukawekwa katikati ya ugali na maharage ya kila nyumba. Wanaume walikuwa upande mmoja, wanawake na sisi upande mwingine, mlango kati yetu wazi ili maneno yapite. Leokadia alieleza vizuri kuliko maprofesa wote, misimu mitatu, mstari kwa mstari. Walimsikiliza kwa heshima. Hilda alimwongezea mboga. Kisha sauti ya Mzee Kinunda ikaja kupitia mlangoni, ya upole, akasema mteremko ule ndio maharage ya ukoo mzima na mwaka huu zamu yake imefika, hawawezi. Ila miche ni mizuri, na ni dhambi kuiacha ife. Kila nyumba inaweza kuchukua michache ikapanda kwenye migomba yake. Leokadia hakuwa na haja ya kuambiwa maana yake. Miche ikitawanywa huku kivulini, huku juani, huyu akitia mbolea na yule asitie, hakuna utafiti tena. Nilimfinya paja. Nilimfinya mpaka nikaogopa kumtoa damu, nikimwambia kwa macho aseme neno moja tu, polisi. Alikuwa ameshika tonge lililopoa.

"Gawaneni," akasema.

Watu wakaitikia kwa furaha, wakaendelea kula. Kabla ya jua kuzama kila nyumba ilikuwa imebeba miche yake, na Leokadia alikuwa akizunguka nao mgombani hadi mgombani, akionyesha kina cha shimo, kana kwamba hajapoteza chochote.

Jumatatu meneja alifika ofisini na askari wawili. Leokadia akamwambia kwamba miche haikuharibiwa, iko hai, na aliyeigawa ni yeye mtafiti, kwa hiari yake. Basi kama kuna mtu wa kukamatwa, ni yeye. Askari wakatazamana, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Meneja hakumkamata. Alimfukuza tu. Kwenye mkutano wa Mkumbi wa kufunga mambo hakwenda mtu wa kampuni, na upande wa kahawa ukafungwa kabla mahindi hayajakomaa. Mimi nikahamishiwa upande wa samaki, nikateremka naye mpaka ziwani akapumzike. Kwa siku kadhaa alikaa mlangoni kwetu akitazama maji bila kuyaona. Mama alimpikia mbelele, samaki wa ziwa letu, na ugali wa muhogo, akala kwa adabu, akaenda nyuma ya nyumba akatapika. Nilimsikia analia huko kwa sauti ambayo sikujua anayo. Watu wanapenda kusimulia kwamba mwenye kutenda haki hulala usingizi. Uongo mtupu. Leokadia hakulala mwaka mzima, na miaka mingi baadaye, nikimtania kuhusu wanafunzi wake wanaomwogopa, alinijibu ghafla kwamba bado huota mistari.

Jumamosi ya mazishi nikapanda Mapera. Kanisa lilijaa. Wanafunzi wake wa zamani wakasimama na kumsifu Mwalimu wetu, na mara moja tu nikasikia, kutoka viti vya nyuma, sauti nzito ya kike ikisahihisha: Daktari. Niligeuka nikamwona Hilda, sasa mtu mzima wa fimbo, amekaa na watu wa Mkumbi safu mbili nzima. Tukamzika. Wapwa zake wa mjini, vijana wazuri, walikuwa wamepanga kila kitu kisasa, na chakula kilipoanza kugawiwa nikaona nisichokitegemea: maboksi meupe. Watu wa Mkumbi wakapokea kwa mikono miwili. Wakashukuru. Wakainuka na kuondoka na maboksi yao bila kuyafungua, mmoja nyuma ya mwingine. Kijana mmoja pembeni yangu akasema wanawapelekea wajukuu. Nikachukua boksi langu, nikawafuata.

Walikwenda nyumba ya ndugu yao, nyuma ya parokia. Sinia lilikuwa limeshawekwa kwenye mkeka, na siku hizi wanaume na wanawake wanakaa pamoja. Kila mmoja akamwaga boksi lake, nami nikamwaga langu. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Tulipoanza kula wakaanza kumzungumzia, kahawa aliyowaachia, jinsi kila nyumba ya Mkumbi ilivyo na mibuni yake mpaka leo, na mtoto wa Mzee Kinunda akasema yule dada alikuwa na mkono wazi, aligawa vitu vyake vyote bila sababu, kwa sababu tu hakuwa tena na haja navyo. Bila haja! Kitu kikanipasuka ndani. Kiapo nilichoapa kwenye gari nimekibeba maisha yangu yote, na aliyeniapisha tulikuwa tumetoka kumfukia. Nikawaambia. Nikawaambia habari za ukuta wa ubao, askari wawili, mzee ambaye angelala mahabusu, misimu mitatu, mistari, kule kutapika nyuma ya nyumba yetu. Niliwaambia kwamba neno moja lingewafanya wampe mteremko, na kwamba alilikataa kwa sababu alitaka jibu lao la kweli. Sikusema nao kwa upole. Nilipomaliza, mikono yote ilikuwa imesimama kwenye sinia.

"Hakutuambia," Hilda alisema.

"Hakutaka."

Mtoto wa Mzee Kinunda aliinamisha kichwa, machozi yakimdondokea kwenye wali. Akauliza mteremko ule una nini mwaka huu. Mmoja akajibu zamu yake imefika, ni wa maharage. Hilda akasema maharage yataenda kwingine. Akazungusha macho akimtazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja akachukua tonge, akala. Nilielewa ninachokiona, na nilitaka kupiga yowe. Sasa? Leo ndiyo mnampa, udongo wa kaburi bado mbichi? Lakini walikuwa wanakula, na jibu lilikuwa limetoka, nami safari hii nilikuwepo kulisikia. Hilda akafuta vidole, akanigeukia.

"Mratibu. Ile mistari yake, ilikuwa inaachana kiasi gani?"

Nikainuka juu ya mkeka, nikasimama wima kadiri magoti yangu yanavyoruhusu, nikanyoosha mikono.